Gia Mpya na Gia Kuukuu: Je, Yafaa Kuchanganywa?

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazazi mnaolisoma gazeti letu kila muhula, leo nataka kueleza jambo moja la karakana ambalo nilidhani nalijua, kumbe silijui. Kutokujua kwangu kulimgharimu mjomba wangu fedha nyingi, na nusura kumgharimu zaidi ya fedha. Kwa hiyo msiyasome makala haya kama maneno ya fundi aliyebobea. Yasomeni kama maneno ya mtu aliyekosea, kisha akafundishwa.

Mjomba ana gari dogo la mizigo, la namna tuitayo pikapu. Kazi yake ni kuchukua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Iringa mjini. Mtu aliyepita njia ile aijua Kitonga. Barabara yapanda mlima kwa kona nyingi, upande mmoja mwamba, upande mmoja bonde. Gari lenye mzigo halina budi kupanda kwa gia ndogo, na pikapu ya mjomba ikiwa imejaa magunia hupanda sehemu kubwa ya mlima huo kwa gia ya pili.

Mwezi wa Juni 2023 nilikuwa kwake likizoni. Gia ya pili ilianza kulia, na siku moja ikakatika meno mawili. Fundi wa jirani akaishusha giaboksi, akaifungua juu ya turubai. Akasema gia iliyokatika sharti inunuliwe mpya. Lakini ile inayoshikana nayo, ambayo bei yake ni kubwa zaidi, tuamue wenyewe. Mjomba akanigeukia.

"Haya, mjomba, wewe ndiye msomi wa ufundi," akaniambia. "Hii ya chini bado nzima, au imekwisha?"

Nikaitwaa, nikaifuta kwa kitambaa, nikaona meno yake yote yapo na yanang'aa kama kioo. Nikajibu bila kusita, "Nzima kabisa, Mjomba. Tununue moja tu."

Tangu siku ya kwanza gari lililia katika gia ile. Tukaambiana ya kwamba gia mpya lazima ilie kidogo, itazoea. Haikuzoea. Mwezi wa Oktoba, mimi nikiwa shuleni, mjomba alikuwa akipanda Kitonga na mzigo wake, ndipo gia mpya ilipovunjika. Gari likakosa nguvu ghafula, likaanza kurudi nyuma, na nyuma yake palikuwa na basi. Mjomba akakanyaga breki kwa nguvu zake zote; utingo akaruka chini na jiwe, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Lakini gari lilivutwa mpaka nyumbani, likasimama uani hata mwaka ukaisha, maana fedha za kununua gia mara ya pili hazikuwapo.

Mjomba hakunilaumu. Nilipokwenda likizo ya Desemba alinikabidhi gia zile zimefungwa katika gunia, akasema, "Mpelekee mwalimu wako, akueleze." Mfuko wangu ulikuwa mzito hata kondakta wa basi akataka kuutoza nauli ya mzigo. Muhula ulipofunguliwa, Januari 2024, nikaziweka mbele ya mwalimu wetu wa karakana. Haya yafuatayo ndiyo aliyotufundisha darasa zima, nami nimeyapanga kwa namna nilivyoyaelewa.

KAZI YA GIABOKSI

Injini ya gari hutoa nguvu nzuri ikizunguka kwa kasi. Gurudumu la gari linalopanda mlima halina haja ya kasi. Lataka nguvu ya kusukuma. Giaboksi hukaa kati ya viwili hivi, ikibadilisha kasi kuwa nguvu. Gia ndogo yenye meno machache ikizungusha gia kubwa yenye meno mengi, gia kubwa huzunguka polepole zaidi, lakini kwa nguvu zaidi. Kwa mfano, gia yenye meno 17 ikizungusha gia yenye meno 34, kasi hupungua kuwa nusu na nguvu ya kuzungusha huongezeka mara mbili, tukiacha kando kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano.

Katika giaboksi nyingi za pikapu na malori kuna shafti mbili zinazolala sambamba. Ya chini hubeba gia kadhaa zilizoshikamana kuwa kitu kimoja, kubwa na ndogo zikifuatana. Sisi karakanani kwetu twauita "mkungu", kwa kuwa wafanana na mkungu wa ndizi. Shafti ya juu hubeba gia moja moja, kila gia ikishikana na mwenzake aliye kwenye mkungu. Gia hizi hushikana wakati wote, hata dereva asipozitumia. Dereva akisukuma mti wa gia, pete ya chuma husogezwa na uma na kuifunga gia moja kwenye shafti ya juu, ndipo nguvu ipite hapo.

Basi shikeni neno hili moja, maana ndilo msingi wa somo zima: gia hazifanyi kazi moja moja, hufanya kazi jozi jozi. Gia ya pili si gia moja. Ni gia ya juu pamoja na mwenzake wa kwenye mkungu.

UMBO LA JINO

Huenda ukadhani jino la gia ni kipande cha chuma tu cha kusukumana. Sivyo. Ubavu wake umepindwa kwa hesabu. Ukitaka kuuona mstari huo, chukua kopo, lizungushie uzi, funga penseli kwenye ncha ya uzi, kisha uufungue uzi polepole huku ukiuvuta ukaze. Penseli itachora mstari uliopinda. Mstari huo waitwa involuti. Leonhard Euler, bingwa wa hesabu aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, ni mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha ya kwamba wafaa kwa meno ya gia.

Sifa ya involuti ni hii. Meno mawili yaliyochongwa hivyo yakisukumana, gia inayosukumwa huzunguka kwa mwendo ulio sawa. Haiharakishi wala haisiti, tangu meno yanapogusana mpaka yanapoachana. Tena, kabla ya jino moja kuachia, jingine limekwisha kushika. Kwa sababu hiyo gia nzuri haigongi wala haipigi kelele.

Sasa tazama jinsi meno yanavyogusana. Karibu na katikati ya kimo cha jino, meno hubiringishana kama gurudumu juu ya ardhi. Juu na chini ya hapo hubiringishana na kuteleza pia. Panapoteleza ndipo panapolika. Basi jino likifanya kazi miaka mingi, hubaki na mgongo mwembamba katikati, na vibonde viwili, kimoja juu na kimoja chini yake. Vibonde hivyo ni vya kina kidogo mno, pengine sehemu ya kumi tu ya milimita, hata jicho lisivione. Lakini umbo la Euler limekwisha kupotea.

Na je, huko kung'aa? Mwalimu aliniuliza swali hilo mbele ya wenzangu, akiwa ameshika ule mkungu niliousifu. Kisha akajibu mwenyewe: "Sufuria ikisuguliwa kwa mchanga kila siku hung'aa, na kila siku hupungua unene. Kung'aa kwatuambia ya kuwa chuma kimesuguliwa. Hakutuambii kimebaki kiasi gani." Nikainamisha kichwa.

Jambo jingine ni ugumu wa chuma. Meno ya gia za gari hupikwa katika joto kali pamoja na kaboni, ili nje pawe na ganda gumu sana na ndani pabaki pagumu kiasi, pasipovunjika upesi. Katika magari madogo ganda hilo lapata milimita moja au pungufu. Ukitaka kujua ni unene gani, bana pamoja karatasi kumi za kuchapia. Ganda hilo likikwisha kulika au kubanduka, chuma cha ndani huisha upesi.

HESABU YA MENO

Hapa wapenzi wa hesabu watafurahi. Tuseme gia ndogo ina meno 17 na kubwa ina meno 34. Kwa kuwa 34 ni mara mbili ya 17, kila jino la gia ndogo hukutana na meno mawili tu ya gia kubwa, yale yale siku zote. Sasa ongeza jino moja tu, gia kubwa iwe na meno 35. Hesabu 17 na 35 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Basi kila jino la gia ndogo litakutana na kila jino la gia kubwa, na meno mawili yaliyoanza pamoja hayatakutana tena mpaka meno yamegusana mara 17 × 35, yaani mara 595. Gia ndogo itakuwa imezunguka mara 35, na gia kubwa mara 17.

Wachora gia hupenda hesabu ya namna hii ya pili, ili kulika kugawanywe sawa kwa meno yote. Lakini ina upande wa pili: jino moja baya litayaonja meno yote ya mwenzake. Na katika hesabu ya namna ya kwanza, jozi kuukuu ikifunguliwa, fundi mwangalifu huweka alama kwenye meno yanayoshikana, ili azirudishe kama zilivyokuwa.

Tena fikirini ni mara ngapi. Ikiwa shafti yazunguka mara 2,400 kwa dakika, kila jino la gia iliyo juu yake hugusa mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 144,000 kwa saa moja. Kosa dogo likirudiwa mara nyingi kiasi hicho, si dogo tena.

MPYA IKIKUTANA NA KUUKUU

Meno yaliyozeeka pamoja yamelika pamoja, kila moja likifuata umbo la mwenzake. Ndiyo maana jozi kuukuu yaweza kwenda miaka mingi bila makelele. Si nzima, lakini yapatana.

Sasa ondoa moja, weka mpya. Jino jipya lina umbo kamili. La kuukuu lina mgongo na vibonde. Hayagusani tena kwa ubavu wote. Yagusana penye mgongo na penye kingo tu. Mzigo uliokuwa ukibebwa na eneo pana sasa wabebwa na mstari mwembamba. Mkanyago wa kiatu cha kisigino chembamba waumiza kuliko wa kiatu kipana, ingawa mtu ni yule yule. Ni vivyo hivyo kwa meno haya. Kwanza, gia hulia, kwa kuwa mwendo hausawaziki tena. Gia inayosukumwa huharakisha na kusita kwa kila jino. Pili, ganda gumu hubanduka vipande vidogo vidogo, vikaacha mashimo kama ya ndui. Tatu, vipande hivyo huelea katika oili na kuingia ndani ya beringi. Nne, jino linaloelemewa upande mmoja hupata ufa katika shina lake, na ufa huo hukua kila gari lipandapo mlima, mpaka siku moja jino hukatika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba. Gia mpya ilikuwa na mashimo mstari mmoja katikati ya meno, na meno matatu yamekatika. Ile ya kuukuu, niliyoisifu, meno yake yote yalikuwapo bado! Ilikuwa imemla mwenzake.

Lakini mwalimu alituonya tusiitwike gia lawama yote. Mashimo yale yalikuwa mengi upande mmoja wa upana wa jino kuliko upande wa pili. Maana yake shafti hazikuwa sambamba barabara. Akazishika beringi nilizozileta, akazitikisa, zikacheza. Sisi tulizirudisha kama zilivyotoka, kwa kuwa zilikuwa zikizunguka. Basi makosa yalikuwa mawili: tulioza gia mpya kwa gia iliyokwisha, kisha tukazilaza juu ya beringi zilizolegea.

NI NINI KICHANGANYWE, NA NINI KISICHANGANYWE

Katika karakana yetu tumeandika kanuni hizi ukutani.

Kwanza: jozi haitenganishwi. Gia moja ikiharibika kwa kuchakaa, nunua na mwenzake.

Pili: jozi na jozi zaweza kuchanganywa. Ikiwa jozi ya tatu ni mpya na jozi ya nne ni ya zamani lakini nzuri, hapana neno. Zakaa ndani ya nyumba moja, lakini hazigusani.

Tatu: krauni na pinioni za difu zisitenganishwe kamwe. Hizo husuguliwa pamoja kiwandani mpaka zikapatana, na mara nyingi huandikwa namba moja ili zisipoteane. Ukiona namba zatofautiana, usinunue.

Nne: pete ya kufungia gia na meno madogo yaliyo ubavuni mwa gia ni jozi pia. Ncha zake zikiwa zimechakaa na kuviringika, gia huruka yenyewe dereva akiachia mafuta. Ringi za shaba, zisaidiazo gia kulingana mwendo kabla ya kushikana, zitazamwe pia. Zikiwa zimekwisha, ziwekwe mpya. Hizi zilianza kutumika katika magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928, na kabla ya hapo dereva alilazimika kulinganisha mwendo wa gia kwa sikio na mguu wake.

Tano: beringi zilizolegea, sili na gasketi zisirudishwe. Kuokoa fedha hapo ni kuziba tundu la paa kwa karatasi.

Sita: jozi kuukuu nzuri, iliyotoka pamoja katika giaboksi moja, ni bora kuliko gia mpya iliyooanishwa na gia iliyokwisha. Kanuni hii iliwashangaza wengi wetu, lakini mkiyafikiri yaliyotangulia mtaona ni kweli.

Mtu atauliza, je, gia mpya haiwezi kabisa kukutana na gia iliyotumika? Yaweza, ikiwa ile iliyotumika imetumika kidogo tu na umbo lake bado. Mfano ni gia iliyovunjika kwa kugongwa au kwa kuangukiwa na kipande cha chuma, wakati giaboksi ingali changa. Lakini hilo halijulikani kwa kutazama. Lajulikana kwa kupima.

NAMNA YA KUPIMA

Osha gia kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na moto, kisha uikaushe. Nenda nayo mlangoni penye mwanga wa jua, uigeuze polepole. Tafuta mashimo, ngazi, rangi ya buluu iliyotokana na joto, na kingo zilizomeguka. Pitisha ukucha kutoka shina la jino mpaka ncha. Ukucha ukikwama mahali, hapo pana ngazi, na gia hiyo imekwisha. Ukucha usipokwama usishangilie bado.

Pili, tafuta nyufa. Tumbukiza gia katika mafuta ya taa kwa muda, itoe, uifute ikauke kabisa, kisha upake chaki iliyosagwa kwenye mashina ya meno. Ngoja. Penye ufa mafuta yaliyojificha hutoka polepole na kuchora mstari mweusi katika chaki. Jaribio hili lataka chaki na mafuta tu, tena liliwahi kutuonyesha ufa ambao watu watano tulikuwa tumeutazama tusiuone.

Tatu, jaribu mguso. Funga shafti mbili katika nyumba ya giaboksi pamoja na beringi nzuri. Paka meno machache rangi ya buluu ya mafundi, nyembamba sana, kisha zungusha kwa mkono huku mwenzako akizuia kidogo shafti ya pili. Rangi itahamia kwenye gia ya pili na kuonyesha panapogusana. Mguso mzuri ni alama pana katikati ya ubavu wa jino. Mguso wa mstari mwembamba, au wa upande mmoja, au wa penye ncha tu, ni onyo. Mkungu wa mjomba ulipojaribiwa na gia mpya tuliyoazima, alama ilikuwa kama uzi.

Nne, pima mchezo wa meno. Zuia gia moja isizunguke, utikise nyingine mbele na nyuma, ukisoma mwendo wake kwa geji ya saa. Linganisha na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji wa gari. Usitumie kipimo cha gari jingine, wala cha kukumbuka.

Tano, hesabu meno. Watengenezaji hubadilisha hesabu ya meno kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, ingawa giaboksi yafanana kwa nje. Gia yaweza kuingia kwenye shafti vizuri kabisa, nayo si mwenzake.

SHIDA YA MKUNGU

Mtu mwenye fedha asikia kanuni ya kwanza na kuridhika. Mjomba hakuwa mtu huyo. Mkungu ni kipande kimoja chenye gia kadhaa. Akinunua mkungu mpya kwa ajili ya gia ya pili, mkungu huo utakutana na gia ya kwanza ya zamani, na ya tatu ya zamani, na gia inayotoka kwenye klachi, ya zamani pia. Ataitibu jozi moja na kuziharibu tatu. Na akinunua zote mpya, bei yakaribia ile ya giaboksi nzima.

Darasa letu lilibishana juu ya jambo hili kipindi kizima. Mwishoni tulirudi kwenye kanuni ya sita. Mwalimu akampigia mjomba simu, akamshauri atafute giaboksi ya gari la aina ile ile lililoharibika kwa ajali, si kwa kuchakaa, achukue mkungu pamoja na wenzake wote kama walivyo, asitenganishe hata mmoja. Beringi, sili, gasketi na ringi za shaba anunue mpya. Mjomba alipata moja, na Jumamosi mbili za Februari 2024 akaileta karakanani kwetu. Safari hii niliosha, nikapitisha ukucha, nikapaka chaki, nikapaka rangi, nikahesabu meno mara mbili. Mjomba aliponiuliza, "Nzima, au imekwisha?" sikujibu upesi. Nilimwonyesha alama ya rangi, pana katikati ya kila jino, nikamwambia, "Tazama mwenyewe, Mjomba."

Nyumba ya giaboksi tuliiosha mara tatu, maana chembe moja ya chuma iliyobaki yatosha kuharibu beringi mpya. Tulijaza oili ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, si iliyopatikana karibu, kwa kuwa baadhi ya oili za gia huzila ringi za shaba. Siku za kwanza mjomba aliendesha taratibu bila mzigo mzito, kisha tukamwaga oili na kuitazama juani. Haikuwa na vimeremeta ila vichache. Tukaweka nyingine. Tangu hapo mpaka siku ninayoandika maneno haya, pikapu yapanda Kitonga na vitunguu vyake.

NENO LA MWISHO

Kwenu wazazi wenye magari, nawaomba jambo moja. Fundi akiwaambia kitu kimoja kinatosha, msikatae wala msikubali kwanza. Mwambieni awaonyeshe mguso. Fundi mwema hatachukia. Naye akiwaambia vyatakiwa viwili, msidhani mara moja ataka kuwala. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulijenga ukuta.

Kwenu wanafunzi wenzangu, mtu akikuita msomi akakuuliza swali, si aibu kusema, "Ngoja nipime kwanza." Mimi nilijibu upesi ili nisionekane sijui, na mtu niliyemjibu alikuwa ndani ya gari lile mlimani.

MASWALI

1. Gia moja ina meno 19, nyingine 38. Kila jino la gia ndogo hukutana na meno mangapi ya gia kubwa? Je, gia kubwa ikiwa na meno 39?

2. Shafti yazunguka mara 1,800 kwa dakika. Jino moja la gia iliyo juu yake hugusa mara ngapi katika safari ya saa 2?

3. Eleza kwa nini jino lililochakaa huwa na mgongo karibu na katikati, si penye ncha.

4. Gari lalia katika gia ya tatu tu, na limo katika mwendo wa kuvuta mzigo. Utaanza kutazama jozi gani, na kwa nini?

5. Dukani kuna krauni yenye namba 214 na pinioni yenye namba 241. Muuzaji asema zafanana. Utamjibu nini?

Majibu yaandikwe katika karatasi na kupelekwa karakanani kabla ya muhula kufungwa. Mwalimu ameahidi kuyasahihisha yote, na atakayetaka kuuona ule mkungu unaong'aa ataukuta juu ya meza, karibu na dirisha. Hatukuutupa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Mchepuo wa Ufundi